Shemeji ana fundi wake, mume ana maneno yake, na mie nina ufa: kioo cha mbele nizibe ama nibadilishe?

Ami Spana shikamoo, natumai wewe na gereji mwaendelea vyema. Samahani barua yangu ni ndefu lakini nikiikata hutaelewa.

Mie ni mwalimu, naishi hapa Malindi upande wa Maweni na nafunza Gongoni, kwa hivyo kila siku nashika ile barabara ya kwenda Garsen, navuka daraja la Sabaki, napita Mambrui, nafika, na jioni narudi vile vile. Gari yangu ni Fielder ya 2018, nimeitoa kwa mkopo wa sako na bado nina miaka miwili ya kukatwa mshahara, ndo maana hata ikiguswa na tawi nasikia kama nimekwaruzwa mimi.

Sasa wiki nne zilizopita nlikuwa nyuma ya lori, sijui lilibeba kokoto ama nini manake lilifunikwa turubai, tumetoka tu Sabaki, kitu kikaruka kikagonga kioo cha mbele upande wa abiria, tak! Nikaegesha kando nikaangalia, kidoti tu, haifiki hata shilingi kumi, katikati kitundu na pembeni vinyuzi vidogo kama miguu ya buibui. Lori lenyewe lishaenda zamani. Nikasema alhamdulillah si jicho, nikaendelea na safari.

Mwalimu mwenzangu akaniambia paka rangi ya kucha ile isiyo na rangi, itashika isiendelee. Nikapaka, tena mara mbili. Na kweli ikatulia haikusonga mpaka nikaisahau. Basi Jumatatu hii gari imeshinda juani pale shule tangu asubuhi, saa saba nikaingia, ndani ni tanuri, nikawasha AC mwisho wa mwisho nikaielekeza kwa kioo. Ami, sijafika hata geti nikasikia mlio kama mtu kavunja kijiti, kutazama hivi, ufa umetembea! Umetoka kwa kile kidoti umekuja upande wangu wa dereva halafu umekunja ukashuka mpaka chini kabisa kwenye ile rangi nyeusi ya ukingoni. Nimepima na rula ya darasani, ile ya sentimita 30, haikutosha, umebaki kama kumi nje.

Hapo ndo balaa lilipoanza manake kila mtu nyumbani amekuwa fundi wa vioo. Baba watoto asema niachane nayo, ati kioo cha mbele ni leya mbili hakiwezi kuanguka, yeye ameendesha pikapu ya kazini na ufa wa mlango kwa mlango mwaka mzima na hakuna lililomfika. Kuna kijana hapa mjini anaziba na dawa, kaniambia elfu tatu, saa moja tu, na ufa hautaonekana tena. Halafu kuna shemeji yangu, ndugu wa mume, ana fundi rafiki yake ambaye kapata kioo kutoka kwa Fielder iliyoanguka, asema kizima hakina hata alama, kioo pamoja na kazi elfu saba, anabandika na silikoni nzuri kutoka Mombasa na jioni hiyo hiyo naondoka na gari yangu. Shemeji ashamwambia aniwekee, hata hajaniuliza. Na Ami, huyu shemeji ndo aliyetuongezea pesa za diposti wakati nanunua hii gari, kwa hivyo kumwambia la ni mtihani.

Nikapiga simu duka moja Mombasa, wakanambia kioo kipya elfu kumi na nane kazi ikiwa ndani, halafu wakaniuliza kama gari ina kamera, nikasema iko, kile kisanduku cheusi nyuma ya kioo cha kati. Wakasema hiyo ina pesa yake mbali, elfu kumi zaidi. Nikakata simu, nikajua hawa wameskia sauti ya mwanamke wakaona chakula.

Bima ninayo, ile kubwa ya komprihensivi, sako walinilazimisha, lakini naogopa kuigusa manake nasikia ukidai tu mwaka ujao wanakupandishia.

Na Jumamosi nampeleka mama kliniki Mombasa na watoto wawili nyuma. Jirani yangu mzee kila akiniona kwa gari aniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa nizibe, nibadilishe ama nimsikize mume? Na shemeji nimwambieje?

Mwalimu wa Gongoni

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Gereji ipo, mgongo ndo haupo.

Nianze na Jumamosi manake hiyo yaja mbio kuliko mengine. Usiende Mombasa na hiyo gari. Ni kama kilomita 120 kwenda peke yake, na vile unavyoueleza huo ufa uko usoni pako. Mchana utauzoea, jicho lina tabia ya kuzoea upuzi, lakini mkirudi magharibi ishaingia na malori ya mbele yamewasha taa, taa moja ikigonga ufa yageuka taa tatu, na mtu anayevuka barabara pale Gede humuoni mpaka awe karibu na bampa. Kata tiketi za matatu, mama akae dirishani, watoto watalala njiani. Ukitaka sana gari ya nyumbani, mwambie shemeji awapeleke, na hapo pia utakuwa umempa kazi nyingine badala ya hii ya kioo, nitarudi kwake.

Sasa mzee jirani. Methali yake ni tamu lakini ilitungiwa ukuta wa udongo, na kioo si udongo. Wakati wa kuziba ulikuwa ile siku ya lori, ama wiki ile. Leo ufa una sentimita 40, umekata mbele ya dereva na umegusa ukingo. Hayo ni mambo matatu na hata moja lingetosha kuniambia nisizibe. Kwa hivyo jibu lako ni kubadilisha, na yule kijana wa elfu tatu utamwambia asante. Mafundi wengi huziba doa lisilozidi sarafu, na ufa ulionyooka usiozidi kama sentimita 15, na uwe mbali na ukingo, na uwe umeingia leya ya nje peke yake. Ukingoni ndiko kioo hubeba mzigo mwingi gari ikijipinda barabarani, ufa ukishafika huko hakuna dawa inayoushika. Na hapo mbele ya dereva hata kidogo ni kikubwa. Uingereza kwenye ukaguzi wao wa kila mwaka, doa likizidi milimita 10 katika ule upana wa usukani gari inaangushwa, na kwengineko ambako waipa zinafuta ni milimita 40. Milimita, si sentimita. Wewe una milimita 400.

Mume wako ana nusu ya ukweli na nusu ya ukweli ndo inayoua watu barabarani. Ni kweli kioo cha mbele ni leya mbili, kila moja kama milimita mbili hivi, na katikati kuna utando wa plastiki mwembamba usiofika hata milimita moja. Jiwe likigonga leya ya nje yapasuka, ya ndani yabaki, utando unashikilia vipande visikurukie usoni. Mambo haya yalianza na Mfaransa mmoja, Edouard Benedictus, mwaka 1903, aliangusha chupa ya maabara ikapasuka lakini haikutawanyika, kuchunguza akaona dawa iliyokaukia ndani ndo imeshikilia vipande, na 1909 akasajili hiyo kazi. Vioo vya milangoni si hivyo, vile ni vya kuchomwa moto, vikivunjika vyamwagika kama mchele wa chenga. Kwa hivyo baba watoto hakukosea kusema hakitaanguka chenyewe.

Alichosahau ni kwamba kioo cha mbele hakikuwekwa pale kwa ajili ya upepo na mvua tu. Gari za siku hizi kioo kimegundishwa kwa bodi na kimekuwa kama nguzo, gari ikipinduka chasaidia kushikilia paa lisiwalalie. Na ule mfuko wa hewa wa abiria, ukifumuka hupanda juu kwanza ukagonga kioo ndo urudi kwa mtu. Kioo kikiwa kimechoka ama kimebandikwa vibaya, mfuko unakisukuma nje na abiria anabaki bila kitu. Na abiria wako wa mbele ni mama. Hiyo pikapu ya kazini ya mumeo pengine ni ya zamani ambayo kioo kimekaa kwenye raba, kama Land Rover Defender na zile Land Cruiser za mtindo wa 70, hizo kioo chatolewa na raba yake kikarudishwa bila gundi ya maana, hesabu zake ni zingine. Mweleze hivyo, usimwambie amekosea, mwambie gari mbili hazifanani, na ndo ukweli.

Halafu ile rangi ya kucha. Mwanangu nlicheka nikalia. Nimeshaona dawa ya meno, yaani kolgeti, nimeona supaglu, nimeona mmoja wa Watamu kaweka nta ya mshumaa. Rangi ya kucha haishiki kitu ndani ya kioo, yakauka juu juu tu, na mbaya zaidi yaingia kwenye vile vinyuzi ikaziba njia, hata ungeenda siku ya pili kwa fundi mzuri dawa yake isingepenya. Msomaji mwingine mwenye kidoti kipya akisoma hapa, bandika selotepu nyeupe ile inayoonyesha, juu ya doa, lisiingie vumbi na maji, usiioshe gari kwa presha, usiegeshe juani, na uende kwa fundi siku hiyo ama kesho yake. Basi. Na kama umezoea kuegesha chini ya mnazi, siwezi kukusaidia, dafu halina leya mbili.

Kwa nini ilipasuka Jumatatu na si siku nyingine, hilo pia nataka ulijue manake litakusaidia na kioo kipya. Kioo cha gari iliyoshinda juani kimejinyoosha kwa joto, ghafla ukakipulizia baridi kutoka ndani, upande wa ndani unataka kujikunja, wa nje bado umenyooka, wanavutana, na wakivutana pahali penye jeraha ndo pafungukapo. Vijana wa kuosha magari nao hufanya hivyo kinyume, kioo cha moto wanakirushia maji baridi. Siku nyingine fungua milango kwanza joto litoke, endesha dakika mbili tatu vioo viko chini, halafu AC pole pole na isielekee juu.

Yule kijana wa dawa sitaki kumharibia riziki. Kazi ya resini, yaani hiyo dawa yake ya kuziba, ni kazi halali, hutoa hewa ndani ya doa kwa kifaa kama sindano kilichokamatishwa kwa kioo, husukuma resini mpaka ijaze vinyuzi, halafu huikausha kwa taa ya zambarau. Ni nusu saa hivi, na kioo charudisha nguvu nyingi. Lakini fundi akikwambia "hautaonekana tena" huyo muogope, hata kazi nzuri kabisa huacha alama kama kovu la ndui. Na angalia anafanyia wapi. Ile resini hukaushwa na mwanga wa jua pia, kwa hivyo anayefanyia juani saa sita, resini inaganda kabla haijafika mwisho wa ufa, afadhali ungebaki na elfu tatu yako. Fundi wa kweli atakwambia lete gari asubuhi, weka kivulini, kioo kipoe. Na angeuona huo wako angekurudisha mwenyewe. Huyu hakukurudisha.

Twende sasa kwa kioo cha shemeji, hapa ndo nataka unisikize vizuri. Watu wote wakibadilisha kioo huuliza kioo ni cha wapi, ni orijino ama ni cha Kichina, bei gani. Ni swali zuri lakini si la kwanza. Kioo cha Kichina kilicho na muhuri wake hakina ubaya, tazama kona ya chini utakuta maandishi madogo, tafuta neno LAMINATED, ama AS1, ama ile herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Hakina maandishi kabisa, usikiguse. Swali la kwanza ni kinabandikwa na nini na nani. Kioo kizuri na gundi mbovu ni dirisha la duka lililowekwa kwa gari.

Silikoni ni ya bafuni. Ya Mombasa, ya Dubai, ya wapi, ni ya kuzuia maji chini ya sinki. Kioo cha gari hubandikwa kwa poliyurethini, ni gundi nyeusi nzito inatoka kwa tyubu kama soseji, hukaa kama raba ngumu na hushika kioo na bati kikawa kitu kimoja. Silikoni haishiki kwa nguvu hiyo, na tena ikishapakwa, siku ukitaka kazi sahihi yale mafuta yake yamebaki kwenye bati na gundi nzuri haitaki kushika hapo, fundi wa pili anaanza kukwangua upya kwa hasira. Huyo fundi wa shemeji huenda ni fundi mzuri wa injini, simjui, lakini aliyesema silikoni kwa kioo cha mbele ameshajitambulisha.

Na hicho kioo "kizima" cha gari iliyoanguka. Kioo kilichogundishwa kutolewa kizima ni kazi, chakatwa kwa waya ama kisu kuzunguka, na mara nyingi ukingo hupata vimeno vidogo hata huvioni, na nimekwambia ukingo ndo roho ya kioo. Kitakaa mwezi, mitatu, halafu siku moja njia ya Marafa gari ikarukaruka utasikia tena kile kijiti kikivunjika. Kisha sasa iko kamera. Fielder za miaka hiyo zingine zina ule mtambo wa kuonya na kujifungia breki, zingine hazina, na kioo chake si kimoja, chenye kamera kina kishikio chake na pahali pasafi pa kamera kutazamia. Muulize shemeji kama ile iliyoanguka ilikuwa na kamera. Nakisia hajui. Kioo chako kiagizwe kwa namba ya chesisi, si kwa kusema "ya Fielder".

Hapo ndo nije kwa wale wa Mombasa uliowadhania wezi. Sijui bei zao na siwatetei, lakini swali walilokuuliza ndo swali sahihi, tena nilifurahi kulisoma. Hiyo kamera inatazama barabara kupitia kioo. Kioo kipya kikikaa tofauti kidogo, kamera imehama. Ikipinda digrii moja tu, mita 100 mbele imekosea karibu mita moja na robo tatu, yaani gari ya upande wa pili kamera yaweza kuiona iko mbele yako, ama iliyo mbele yako isiione. Ndo maana hupimwa upya kwa kompyuta na bango maalum la kulengea, wenyewe wanaita kalibresheni, na ni kazi yenye mashine yake kwa hivyo ina pesa yake. Siku hizi jambo hili litatufika wengi, manake sheria yetu ya kuingiza magari ni yasiyozidi miaka minane, na magari ya Japani ya miaka hiyo mengi yana kamera, na wengi wetu hata hatujui kile kisanduku ni cha nini, twaning'iniza tasbihi mbele yake. Uliza bei kwa watu watatu, hilo nakubali, lakini anayekwambia "hiyo kamera achana nayo" mtoe kwa orodha.

Sasa pesa. Mwanangu, umekaa juu ya gunia la mchele walia njaa. Una komprihensivi! Bima ya thadi pati haina habari ya kioo chako, lakini komprihensivi nyingi hapa Kenya zina kipengele cha windskrini chenye kiwango chake mbali, pengine elfu thelathini, pengine hamsini, kiko kwenye zile karatasi ulizotia saini bila kusoma kama sote tufanyavyo. Zitoe leo. Mpigie ajenti wako na umuulize maneno haya haya: kiwango changu cha windskrini ni kiasi gani, kuna pesa ya kwanza natoa mimi ama hakuna, kalibresheni ya kamera imo ndani ama haimo, na nikidai windskrini peke yake lile punguzo langu la kutodai laguswa ama haliguswi. Kampuni nyingi huhesabu kioo kando na ajali, ndo maana nakwambia uliza kabla hujaogopa. Jibu aliandike kwa WhatsApp ama imeili, si mdomo. Piga picha za ufa kabla mtu hajagusa, moja kwa karibu, moja inayoonyesha namba ya gari. Na usibadilishe kwanza ndo udai, hapo ndo watu hukosa haki yao, bima wataka waone kwanza na pengine wana mafundi wao waliowaidhinisha.

Na hii ndo dawa ya shemeji. Huna haja ya kumwambia fundi wake hafai, wala kumfunza habari za silikoni mbele ya kaka yake. Gari ina mkopo wa sako, bima ni sharti la sako, na bima ndo wenye kusema kioo kinabadilishwa wapi. Mwambie hivyo, na si uongo hata chembe. "Shemeji nashukuru sana ulivyonihangaikia, lakini hii gari bado si yangu peke yangu, nikiweka kioo bila ya bima kujua wanaweza kukataa kunilipa kesho nikipata ajali." Halafu muombe awe nawe siku ya kwenda, manake mwanamume aliyetoa diposti anataka kuonekana ametoa diposti, mpe heshima yake hiyo, akasimame pale na mikono nyuma akague. Huyo fundi rafiki atauza kioo chake kwa mwengine, Fielder ziko tele.

Siku ya kazi yenyewe usikae kwenye kibanda cha chai ukazama kwenye simu, simama utazame. Kioo cha zamani kikitoka, chungulia lile bati la chini lililokuwa limefunikwa na gundi. Sisi wa pwani kutu ni jirani yetu, na wewe kila siku wapita kwenye mashamba ya chumvi pale Gongoni, kwa hivyo usishangae ukikuta vidoa vyekundu. Fundi avikwangue, apake prima, ingoje ikauke, ndo aweke gundi. Akipaka gundi juu ya kutu, kioo kimeshika kutu, hakijashika gari. Ile gundi ya zamani hutolewa yote? La, huachwa utando mwembamba kama milimita moja ama mbili ikiwa imeshika vizuri, mpya hukaa juu yake. Asiguse ukingo wa kioo kipya na mikono ya mafuta. Na tyubu muombe uione kabla hajaikata, ina tarehe ya mwisho na imeandikwa masaa mangapi kabla ya gari kuendeshwa. Ziko za saa moja, ziko za masaa mengi, na zinatofautiana kwa gari yenye mifuko ya hewa. Hii gundi hukauka kwa unyevu wa hewani na kwa hilo pwani tumebarikiwa, lakini hata hivyo mie gari yangu ningeilaza hapo hapo mpaka asubuhi. Lala kwa ndugu Mombasa. Kesho yake ukirudi acha dirisha moja wazi kidogo, manake mlango ukipigwa kwa nguvu vioo vyote vimefungwa ile hewa hukisukuma kioo nje kabla gundi haijakomaa, na watoto wa shule wanavyopiga milango nani akufunze wewe. Usiende kuosha kwa presha siku mbili. Ikipita hapo mwagia maji ya mpira taratibu kutoka juu, mtu mmoja akae ndani na kitambaa kikavu, apapase kona zote. Na ukifika kasi ya themanini usikize, kikipiga mluzi pana upenyo, warudishie.

Taa ya kamera kwenye dashibodi ikiwaka ya njano baada ya kazi, hawajamaliza, usiondoke.

Mama mpe salamu zangu na umwambie kiti cha dirishani. Na ukishamaliza niandikie tena uniambie ile tyubu iliandikwaje na masaa mangapi walikuweka, nina wengine wawili hapa wenye Note na Demio wanangoja jibu lako kuliko langu.

Ami Spana